Nusu Dakika ya Kimya

Pumzi.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo walionisema vibaya kwa kukatiza pale. Semeni tu, nimeshazoea. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa watayarishaji wa televisheni, watu mia tatu waliokuja kuelezana namna vipindi vinavyotengenezwa. Jukwaani alisimama Bi Kimya, mwenye tamthilia inayotazamwa kuliko zote. Alikuwa anaivua nguo kazi yake mbele yao. Alitoa muziki. Akatoa maneno ya waigizaji. Akatoa sauti za nyayo, vikombe na mlango. Kikabaki kimya kitupu cha ile nyumba yenye ngazi inamochezwa tamthilia, na ndani ya kile kimya, mtu akavuta pumzi.

Akaivuta kwa tabu, kama anayevuta hewa kupitia tundu la sindano.

Na katika safu ya tatu, bibi mmoja aliyekuja bila kualikwa akasimama, akasema, "Huyo ni mwanangu."

Haya, shikeni viti vyenu.

"Zima!" Bi Kimya aliamuru. Spika zikakata.

Mwendesha mjadala, bwana mmoja aliyebanwa na suti mpaka anapumua kwa zamu, aliruka kuokoa hali. "Mabibi na mabwana, mnaona? Hata mitambo hupata mafua!"

Watu wakacheka. Bi Kimya naye akacheka, meno yote nje, hakuna hata moja lenye furaha.

"Mafua?" bibi aliuliza. Hakuwa na maiki wala hakuihitaji. "Mwanangu hakuwa na mafua. Alikuwa na pumu."

Kicheko kilikatika kama umeme.

Bi Kimya akaweka mkono kifuani. "Naomba radhi, wenzangu. Huyu ni mama mkwe wangu. Alifiwa na binti yake miaka mitatu iliyopita, wifi yangu kipenzi. Tangu hapo..."

Hakumalizia. Alipeleka kidole karibu na sikio, akakizungusha kidogo. Kidogo mno. Lakini wale ni watu wa picha, kazi yao ni kuona vitu vidogo. Wote walikiona.

"Nimekiona hicho kidole, mkwe wangu," mama alisema. "Nyumbani kwako unanifanya mwendawazimu, nanyamaza, ni kwako. Hapa ni kwa watu."

"Chai!" mwendesha mjadala alipiga kelele. "Mapumziko ya chai, dakika ishirini!"

Haijapata kutokea watu mia tatu wakaenda kunywa chai bila mtu mmoja kuisogelea meza. Walisimama makundi makundi, wakinong'ona.

Bi Kimya hakunong'ona na mtu. Aliushika mkoba wake, ule mkubwa mweusi usiotoka begani, akaingia chumba cha mitambo kando ya jukwaa na kufunga mlango kwa mgongo.

Ndani alikuwemo fundi sauti wake, Popo. Jina hilo alipewa kwa sababu macho yake hayaoni zaidi ya hatua mbili, ila masikio yake husikia nzi akibadilisha mawazo.

"Popo, ile sauti imetoka wapi?"

"Bosi, si unajua?"

"Ningejua ningekuuliza?"

Popo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ni kile kimya cha siku ya mwisho kwenye ile nyumba. Hatujawahi kuwa na kingine."

Sasa, kwa ninyi ambao kazi yenu ni kutazama tu na kula karanga, ngoja niwape siri. Kila chumba kina kimya chake. Kimya cha jikoni si cha sebuleni. Kwa hiyo watu wa televisheni wakimaliza kupiga picha mahali, hawaondoki mpaka warekodi kimya cha pale. Mkubwa wa kazi huinua mkono, wote huganda walipo nusu dakika nzima, wakitazama viatu vyao. Viatu, nimesema. Ukikutana macho na mwenzio utacheka, na kazi irudiwe. Kimya hicho ndicho hutandikwa chini ya maneno, kama shuka chini ya mgonjwa, ili viraka visisikike.

Ile nyumba waliazima wiki mbili tu. Baadaye wakajenga ya mbao studio, ngazi saba zile zile. Lakini mbao hazina kimya, zina ububu. Ndipo Popo akawa anachukua ile nusu dakika ya nyumba ya kweli na kuitandika chini ya kila sehemu. Sehemu mia na arobaini.

"Kwa hiyo yumo humo zote?" Bi Kimya aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Zote. Chini sana. Mtazamaji wa kawaida hasikii kitu."

Bi Kimya alikaa kwenye kasha la nyaya. Miaka mitatu! Miaka mitatu mama mkwe anakaa mbele ya televisheni, amelaza sikio kwenye spika, anasema, "Mwanangu anapumua humu." Miaka mitatu wanamwambia ni feni, ni jirani, ni uzee.

"Kwa nini hukukata?"

"Nimemkata mara tatu, bosi." Popo aliteremsha sauti. "Namkata Jumatatu. Nasikiliza, hayupo, nashukuru. Jumatano kipindi kikienda hewani, yupo. Labda nilichukua nakala ya zamani. Hivyo ndivyo ninavyojiambia ili nilale."

"Acha mambo ya kishirikina."

"Nimeacha. Ila nikuulize kitu kimoja cha kazi." Akageuka kumtazama, japo sijui aliona nini kwa macho yale. "Siku ile wifi yako alikuwa wapi?"

"Uani. Alikutwa uani, peke yake. Mnajua wote."

"Maiki haikuwa uani. Maiki niliiweka chini ya ngazi."

Bi Kimya akaukumbatia mkoba wake.

"Mimi ndiye niliyevaa hedifoni," Popo aliendelea. "Nilisikia. Nikadhani ni bomba la maji. Watu wananisifu masikio, bosi, na mimi pumzi ya binadamu nikaiita bomba."

Simu ya Bi Kimya ikatetemeka. Ilikuwa ni mumewe: *Daktari ni saa nane kamili. Msaidie mama afike. Daktari akisaini, Jumatatu nampeleka kwenye nyumba ya wazee. Pole kwa yote, mke wangu.*

Alisoma mara mbili. Kisha akasimama, akanyoosha nguo. Akawa Bi Kimya tena.

"Futa."

"Nifute nini?"

"Kila kitu. Nakala zote. Mbele yangu, sasa hivi."

"Na mama?"

"Mama ana miadi."

Popo akageukia kompyuta. Alifuta nakala ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne. Alichomoa hata ile ya akiba iliyokuwa kwenye kidude cha mfukoni, akamkabidhi mkononi. Bi Kimya akakiweka chini ya kisigino na kukikanyaga. Kikalia kama mfupa wa kuku.

"Wakitaka kimya tena," alisema, "wape cha studio. Kile kibubu."

"Sawa, bosi."

Alipofika mlangoni, alishika kitasa akasimama. Maana kichwa, wapendwa, hakifutiki kwa kidole.

Siku ile mwenye nyumba alikuwa getini na funguo mkononi, anataka nyumba yake. Walikuwa wameshajaribu kurekodi kimya mara mbili. Mara ya kwanza mbwa alibweka. Mara ya pili pikipiki. Hii ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Bi Kimya akainua mkono. Watu wote wakatazama viatu.

Wifi yake alikuwa ameketi ngazi ya tatu, daftari la maneno ya waigizaji mapajani. Kazi yake ilikuwa kuwakumbusha waliosahau. Yeye mwenyewe alikuwa msahaulifu hakuna mfano, ndiyo maana kichupa chake cha dawa ya pumu, kile cha bluu cha kupulizia mdomoni, kilikaa kwenye mkoba wa Bi Kimya. "Wifi, wewe ndiye mapafu yangu," alikuwa akimtania.

Ilipofika sekunde ya kumi, Bi Kimya alisikia mluzi mwembamba. Akageuza macho tu. Wifi alikuwa ameshika kifua. Alinyoosha kidole, akaonyesha mkoba.

Mkoba una zipu. Zipu ina kelele.

Bi Kimya alifanya hesabu ya watu wa kazi yake. *Zimebaki sekunde ishirini. Ishirini tu, mtu gani hufa kwa sekunde ishirini?* Akainua mkono wa pili, kiganja wazi: subiri.

Na wifi, maskini wa Mungu, alijua kazi. Alijifunika mdomo kwa mikono miwili ili asikohoe. Aligonga ngazi kwa kidole mara tatu, polepole, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Kiganja cha Bi Kimya hakikushuka.

"Asanteni!" alisema nusu dakika ilipotimia, na nyumba ikalipuka kwa kelele, watu wakiburuta viti na jenereta ikinguruma. Alipofungua zipu na kugeuka, ngazi ilikuwa tupu. Wifi alikuwa ametoka uani kukohoa, asije akaharibu na kinachofuata.

Alimkuta amelala ubavu. Kile kichupa cha bluu hakikuhitajika tena.

Bi Kimya alisema wifi alikuwa uani peke yake. Wote walikuwa wakitazama viatu vyao, nani angembishia?

Kengele ya kumaliza mapumziko ikalia.

Alipotokea jukwaani alikuta jambo la pili la asubuhi hiyo. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwendesha mjadala, mbele kabisa, maiki mkononi, ameishika kama mwiko. Mwendesha mjadala mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, hajui aweke wapi mikono.

"Nimemwambia miguu inaniuma," mama alieleza ukumbi. "Na ni kweli inaniuma. Haya, si mmesema sasa ni maswali? Langu ni la utengenezaji."

Ukumbi ukacheka kidogo, kwa woga.

"Karibu, mama," Bi Kimya alisema.

"Hicho kimya mnachorekodi, kina urefu gani?"

"Nusu dakika."

"Na nani anayeamuru kiishe?"

"Mimi, mama. Ndiyo maana ya jina langu."

"Mtu akipiga chafya katikati?"

"Tunarudia."

"Akikohoa?"

"Tunarudia."

"Akifa je?"



"Wanangu," mama aligeukia ukumbi, "leo saa nane napelekwa kwa daktari wa vichwa. Wanasema nasikia visivyokuwepo. Barua ya kwanza kaandika mkwe wangu huyu, kwa mwandiko mzuri sana, nimeisoma. Sasa naomba kitu kimoja. Ninyi ni watu wa kazi, kunyamaza mnajua. Kiwekeni hicho kimya tena, mkifungulie mpaka mwisho, na wote tunyamaze. Mkimsikia mwanangu, mtasema. Msipomsikia..." Alivuta pumzi, na pumzi yake haikuwa na mluzi wowote. "Msipomsikia, nitakwenda kwa daktari mwenyewe. Na ile televisheni waitoe chumbani kwangu. Sitasema neno tena mpaka nifukiwe."

Bi Kimya angekataa? Akatae ya nini? Aliona kwa macho yake vikifutwa. Kidude kimelia chini ya kisigino chake. Alihisi mzigo wa miaka mitatu ukimtoka mabegani.

"Sawa, mama," alisema kwa upole wa kutisha. "Kwa ajili yako. Popo, weka."

Akainua mkono.

Na watu mia tatu, bila kuambiwa, kwa mazoea tu ya kazi, wakainamisha vichwa na kutazama viatu vyao.

Jueni, mimi nimeona mengi, lakini ukumbi wa watu mia tatu wanaotazama viatu saa tano na nusu asubuhi ni kitu cha kuogopesha kuliko makaburi. Makaburini angalau kuna ndege.

Kimya cha studio kikaanza, kile cha mbao, kibubu. Saa kubwa ya ukutani ilihesabu.

Sekunde tano. Hakuna kitu.

Sekunde kumi. Hakuna kitu. Mama alikuwa amefumba macho, sikio moja mbele, midomo ikicheza.

Sekunde kumi na tano. Mama akafumbua macho. Alimtazama Popo kupitia kioo cha chumba cha mitambo, kisha akamtazama mkwe wake, na polepole kichwa chake kikaanza kuinama. Si kutazama viatu. Aliinama kama mtu anayekubali kwamba labda ni kweli, labda ni uzee, labda mwanawe hayumo popote.

Bi Kimya aliliona lile. Alikuwa ameshinda. Na hapo hapo, akiwa ameshinda, kitu kilimchoma upande wa kushoto, maana katika miaka yote hajawahi kumwona mama huyu akiinamisha kichwa. Hata mazishini hakukiinamisha.

*Mwambie,* kitu kilisema ndani yake. *Zimebaki sekunde kumi na tano tu. Mwambie.*

*Zikiisha,* alijijibu. *Zikiisha tu.*

Akasikia mwenyewe alichojijibu.

Ndipo pumzi ikaja.

Nyembamba, kupitia tundu la sindano.

Aligeuza macho, macho tu, kuelekea chumba cha mitambo ili amchinje Popo kwa kutazama. Lakini Popo hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama mlangoni, uso mweupe kama unga. Mkononi alishika waya mnene wa spika. Alikuwa ameuchomoa. Ncha yake ilining'inia hewani, haijaunganishwa na kitu chochote duniani.

Na pumzi ikaendelea.

Haikutoka kwenye spika. Ilitoka nyuma yake, chini, upande wa kushoto, kwenye ngazi za mbao za kupandia jukwaani kwa nyuma.

Kichwa kimoja kikainuka ukumbini. Cha pili. Cha kumi. Vichwa mia tatu viliacha viatu, na macho yote yakapita pembeni ya Bi Kimya, yakatua mahali pamoja nyuma yake. Mwendesha mjadala akakaa sakafuni, suti ikapasuka, na hakuna aliyecheka.

Mama peke yake ndiye aliyetabasamu. Machozi yalimtiririka, lakini alitabasamu, kama mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kubisha miaka mitatu.

Mkono wa Bi Kimya ulikuwa bado juu. Akaushusha. Akaupeleka begani, kwenye mkoba, akashika zipu.

*Zzzzzip.*

Kelele ile ilijaza ukumbi. Akaingiza mkono mpaka chini kabisa, penye kitambaa kilichochanika, mahali ambapo hajawahi kuthubutu kupekua wala kutupa kilichomo. Alipoutoa, kiganjani kilikuwemo kichupa kidogo cha bluu.

"Mama," alisema, na safari hii sauti haikuwa ya jukwaani. "Hakuwa uani. Alikuwa mbele yangu. Alinionyesha mkoba, mama, na mimi... mimi nilimwambia asubiri."

Mama alikuwa bado anatazama pale nyuma.

"Nimekuletea," Bi Kimya alinong'ona, kichupa kimenyooshwa mbele, mgongo umeelekea ngazi, maana kugeuka hakuweza. "Wifi, nimekuletea."

Pumzi ikakoma.

Kisha kidole kikagonga ubao. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu, taratibu, kwa adabu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Na sauti iliyokuwa ikibanwa kwa mikono miwili tangu siku ile ikamuuliza karibu kabisa na sikio:

"Wifi... nikohoe sasa?"